Je, Televisheni Mpya Inahitaji Fundi wa Kupima Rangi?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mwezi uliopita nilinunua televisheni ya inchi 55 kwa ajili ya sebule yetu hapa Ngamiani. Fundi aliyekuja kuifunga ukutani ameniambia kwamba picha ya televisheni mpya haijakamilika mpaka ipimwe na kurekebishwa kitaalamu, na kwamba kazi hiyo itanigharimu shilingi 150,000. Mwanga wake ni mzuri, ila nyuso za watu zinawiva wekundu na nyasi za uwanjani zina kijani kisichopata kuonekana duniani. Je, nimlipe?
Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu msomaji. Usimlipe kwanza. Kasoro unazozieleza ni za hali ya picha, yaani mpangilio wa rangi na mwanga uliokwisha kupangwa kiwandani, iliyowashwa katika televisheni yako, na hiyo unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa rimoti kabla chai haijapoa.

Dukani televisheni hupangwa ukutani bega kwa bega chini ya taa kali, na ile yenye mwanga mwingi na rangi iliyokolea ndiyo inayomvuta mnunuzi. Kwa sababu hiyo, hali kali ya dukani, ambayo huenda ndiyo iliyowashwa kwako, hukoleza kila rangi na kuufanya weupe uelekee kwenye ubuluu, kwa kuwa jicho huuona weupe wa namna hiyo kuwa safi zaidi. Ndiyo siri ya mama zetu waliotia buluu katika maji ya kusuuzia kanzu. Watayarishaji wa vipindi, kwa upande wao, hufuata kipimo cha kimataifa kiitwacho BT.709, kilichotolewa mwaka 1990, ambacho weupe wake ni wa takriban kelvini 6500, yaani mwanga wa mchana. Picha iliyotengenezwa kwa kipimo hicho ikipita katika hali ya dukani, uso wa mtu hauwezi kubaki na rangi yake.

Upimaji wa kitaalamu ni kazi ya kweli na inaheshimika. Mpimaji huweka kihisi cha rangi mbele ya skrini, huonyesha picha za majaribio, kisha hurekebisha hatua kwa hatua mpaka skrini ikikaribie kipimo, kama ofisa wa Wakala wa Vipimo anavyoihakiki mizani ya muuza nyama kwa mawe yake ya uhakika. Basi muulize fundi wako atatumia kifaa gani, na kama atakuonyesha vipimo vya kabla na vya baada ya kazi. Akiwa anategemea macho yake na rimoti yako tu, hana atakalofanya ambalo wewe huliwezi.

Fungua menyu ya picha uchague hali ya sinema au ya filamu, ambayo katika televisheni nyingi za sasa hukaribia kipimo hicho bila kuguswa na fundi. Siku za mwanzo utaiona ya manjano na iliyofifia, kwa kuwa macho yamezoea ubuluu. Nakusihi uvumilie siku tatu au nne kabla ya kuhukumu. Kisha tafuta video ya harusi iliyorekodiwa vizuri. Tazama buibui jeusi: kama mikunjo yake imemezwa na giza, ongeza kidogo kiwango cha weusi, yaani mpangilio unaoyang'arisha maeneo ya giza, na kama weusi umegeuka kijivu, kipunguze. Halafu tazama kanzu nyeupe, na ikiwa darizi za shingoni hazionekani, punguza kontrasti mpaka zijitokeze. Mambo haya mawili nayatilia mkazo kwa sababu ndiyo yanayoamua kama uso wa mtu mweusi utaonekana wote, na mistari yake na kivuli cha shavu, au utabaki doa la giza lenye macho. Kitu kinachokufanya umtambue shangazi yako katika umati si cha kuachia kiwanda kikuamulie.

Ukali wa kingo upunguze pia, maana ukizidi huchora mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, na televisheni nyingi hubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Zima jambo hilo unapotazama filamu, ingawa katika mpira wapo wanaolipenda. Kumbuka kwamba televisheni nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu la kuchomekea vifaa peke yake, hivyo ulichokirekebisha kwenye king'amuzi huenda ukalazimika kukirudia kwenye flashi.

Chumba nacho kina sehemu yake. Dirisha linaloelekea skrini mchana huharibu picha kuliko kosa lolote la rangi, na dawa yake ni pazia zito. Usiku punguza mwanga wa nyuma wa skrini. Macho yatapumzika na uniti za LUKU zitakaa zaidi.

Usinakili tarakimu za rangi kutoka kwa mwenye televisheni kama yako, kwa sababu skrini mbili za toleo moja hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa. Ningekushauri ulipe kama ungekuwa unahariri video za harusi kwa malipo, na hapo ungelazimika kupima tena kila baada ya muda, kwa kuwa rangi za skrini hubadilika kadiri inavyotumika.