Kabla hujalipa ada ya bweni, nenda kaone godoro

Juzi dada mmoja wa Tabata kanitumia meseji inboksi, ndefu kweli, anasema dada naomba ushauri wako, binti yangu ana miaka saba yuko la kwanza, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, dada wa kazi mwaka huu nimebadilisha wanne, nimeamua mwakani nimpeleke bodingi tu, nitajie shule nzuri. Nimeisoma nikaiweka pembeni, usiku nikairudia nikakosa usingizi, maana meseji hiyohiyo ningeweza kuiandika mimi mwaka 2018.

Kwa hiyo leo namjibu yeye na nyie wote mnaohangaika na fomu za Januari.

Kijana wangu wa kwanza nilimpeleka bweni Januari 2019, anaingia la tatu, miaka minane. Shule siitaji, iko mkoani, masaa tisa kwa basi kutoka Dar. Niliichagua kwa matokeo. Enzi zile NECTA, Baraza la Mitihani, walikuwa bado wanatangaza shule kumi bora na sisi wazazi tulikuwa tunaishi na ile orodha, tunatumiana kwenye magrupu mpaka usiku, na hii shule kimkoa ilikuwa inatamba, getini bango kubwa la picha za watoto waliopata A. Ofisini vigae vinang'aa, mkuu anaongea Kiingereza kimenyooka. Nikauliza kompyuta zipo ngapi. Nikauliza usafiri wa likizo. Bweni nikaambiwa mama saa hizi haliingiliki, utaliona siku ya kutembelea watoto, nikajibu sawa mwalimu. Hiyo sawa mwalimu inanichoma mpaka leo.

Nikaenda Kariakoo nikanunua kila kitu kwenye ile listi yao. Tranka jekundu na kufuli lake, ndoo, ndala, shuka mbili za bluu, godoro la futi mbili na nusu. Nikakaa sebuleni na maka peni nikaandika jina lake kila mahali, mpaka godoro nikaliandika kwenye kona herufi kubwakubwa ili wasimuibie. Nilikuwa na raha jamani, nasema mwanangu anaenda kuwa mtu.

Siku ya kutembelea ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Nimefika mapema na hotipoti langu la pilau, tunapita na wazazi wenzangu kandokando ya uwanja, naona kwenye fensi wameanika magodoro kama kumi na tano hivi, nikamwambia mama mmoja hawa watu wasafi sana, wanaanika magodoro. Nimepiga hatua mbili tatu nikaona mwandiko wangu. Jina la mwanangu kwenye kona, nilivyoliandika mwenyewe, na katikati ya godoro madoa ya mkojo, moja juu ya jingine, mengine yalishakauka zamani. Huyu mtoto aliacha kukojoa kitandani ana miaka mitatu.

Alinieleza taratibu sana, kama anamsimulia mtu mwingine. Choo kiko nje, patroni anafunga mlango saa nne usiku, taa inazimwa, anayeamka akigonga mlango anachapwa. Asubuhi waliokojoa wanabeba magodoro kichwani wanapita mstarini, wenzao wanawaimbia, ndio wakanywe uji. Hakulia. Alikula pilau bila kuinua macho, halafu akaniuliza mama hii iliyobaki naweza kuificha kwenye tranka?

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika popote. Sikuondoka naye siku ile. Ada ya muhula nilishalipa, mkuu akaniita ofisini akaniambia mama usimdekeze, mtoto wa kiume anazoea, nikamsikiliza. Nikapanda basi nikamwacha. Wiki tano nyingine mpaka likizo ya Juni, hapo ndio nikamtoa, na hela yoyote hawakurudisha. Alikuja kulala mkavu mwaka uliofuata katikati, shule zimefungwa kwa korona tupo wote nyumbani. Sasa hivi yuko kidato cha pili, anasoma dei, anafanya vizuri, ila bweni ukimtajia anatoka chumbani.

Mdogo wake nilimpeleka Januari 2024, akiwa la tano, na safari hii nilienda Jumanne bila kumpigia mtu simu. Nikasema ofisi nimeshaziona nyingi, naomba bweni na metroni, yule mama mlezi wa bweni. Shule mbili zilinikatalia nikageuza hapohapo. Ya tatu metroni akanipeleka mwenyewe, nikahesabu vyoo, nikauliza usiku mtoto anapitia wapi, nikaangalia milango inafunguka kuelekea wapi na madirisha kama yana nondo, maana moto wa Kyerwa kule Kagera Septemba 2020 uliua watoto 10 bwenini na mimi nilikuwa sijausahau. Nikamuuliza mtoto akikojoa unamfanyaje? Akafunua shuka la kitanda cha karibu akanionesha mpira umetandikwa juu ya godoro, akasema wa hivyo ninao sita, nawaamsha saa sita na saa tisa, shuka nafua kabla wenzao hawajaamka. Nilimshika mkono yule mama nikashindwa kuongea. Wastani wa shule yao ni wa kawaida kabisa, na nikalipa.

Septemba mwaka uleule ikatokea Endarasha kule Nyeri, Kenya, watoto 21 wamekufa bwenini kwa moto, nikampigia metroni alfajiri, akapokea, akaenda kumwamsha binti yangu aongee na mimi. Juni hii karudi kaongezeka kilo tatu, na darasani wa nne. Najivunia, sifichi.

Sasa wazazi wenzangu, tubadilike. NECTA wenyewe waliacha kutangaza kumi bora tangu Januari 2023 kwenye matokeo ya kidato cha nne, sisi bado tunauliza matokeo tu. Ukitaka kuulizia matokeo basi uliza vizuri, walioanza la tano walikuwa wangapi na waliofanya mtihani wa la saba ni wangapi, kama walianza themanini wakamaliza arobaini na tano uliza wale wengine wako wapi. Usimpeleke mtoto ili upate cha kusema ofisini. Na akikwambia kitu mwamini, tafadhali, mwamini siku hiyohiyo, usisubiri muhula uishe kwa sababu ya ada, ada utaitafuta tena. Ongea na metroni. Narudia, metroni, maana mkuu wa shule hatalala na mwanao.

Na wewe dada wa Tabata, binti yako bado. Waraka wa Elimu namba 2 wa 2023 ulizuia bweni kwa chekechea mpaka la nne, kuanzia Machi mwaka huo. Zipo shule zitakunong'oneza kwamba zinapokea kimyakimya, shule inayoficha watoto mkaguzi akija itakuficha na wewe mwanao akiumwa. Najua dada wa kazi wanasumbua, najua na saa tatu usiku ilivyo, nimepita humo. Mimi niliongea na jirani ambaye ni mwalimu mstaafu, nikawa namlipa kila mwezi, mwanangu akitoka shule anashukia kwake anakula na kufanya homuweki, namchukua usiku amelala namweka mgongoni. Tafuta mtu wa hivyo mtaani kwako miaka hii mitatu. Akifika la tano niandikie, tutaenda wote, na tutaenda Jumanne.