Marais wakinuniana, gunia langu linaingiaje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nanunua mahindi Babati na kuyauza Kenya kupitia Namanga. Sijasahau Machi 2021: Kenya iliyazuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, nikauza kwa hasara. Mei Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakalainika. Mimi si mwanasiasa. Uhusiano wa marais unaingiaje kwenye gunia langu?
— Mfanyabiashara, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwaka 1977 nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Moshi, kijana wa Reli ya Afrika Mashariki. Behewa likitoka kwetu lilipita Kahe, Taveta, Voi, likashuka Mombasa. Makao makuu yetu yalikuwa Nairobi, na karakana kubwa ya injini huko huko.

Idi Amin alipotwaa Uganda, Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye. Kikao cha marais watatu, kilichokuwa na neno la mwisho katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kenya, Uganda na Tanzania, hakikufanyika tena. Mashirika ya pamoja, reli yetu ikiwemo, yakaanza kugombea fedha. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na katikati ya mwaka Jumuiya ikavunjika.

Sasa nisikilize vizuri. Msimu ule hakuna mkulima wa Kilimanjaro aliyezidi uvivu. Kahawa iliiva, ikachumwa, ikakaushwa. Ila njia ya Voi imekufa, kila kitu kinasubiri treni ya Tanga, na injini ikiharibika karakana iko ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa naandika magunia yaleyale kwenye daftari asubuhi, na jioni bado yako pale pale. Jasho ni lilelile, mapato yamepungua. Wakenya nao walipoteza soko letu na barabara ya kufika Zambia. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Simlaumu Mwalimu kwa kumkataa Amin, mtu aliyeua raia wake. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeweka utaratibu wa behewa kupita wakati wakubwa hawasemezani.

Kwako wewe, yalichanganyika mawili. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na kiwango cha Afrika Mashariki kinajulikana: isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Lakini kupiga marufuku ghafla, malori yakiwa tayari barabarani, hiyo ni dalili ya majirani wasiopigiana simu. Zuio lililegezwa kwa masharti baada ya siku chache tu, na bado mzigo ukakwama. Ilibidi Rais Samia na Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, wakutane ndipo ikaagizwa mahindi yaliyolala mpakani yaondolewe ndani ya wiki mbili.

La marais huliwezi. La gunia unaliweza: anika juu ya turubai, unyevu usizidi asilimia 13.5, pima sumukuvu, na uwe na cheti cha kipimo hicho kabla ya kupakia, si ukifika Namanga.