Skrubu za nyonga: la kuuliza kabla ya upasuaji

Pole sana dada. Umeuliza kama kaka yako, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi huko Lindi na kuvunjika nyonga, anaweza kupooza mguu kwa skrubu za kuunga nyonga. Hatari ipo, ila maandalizi huipunguza sana.

Skrubu ya nyuma, inayounga nyonga na mfupa wa chini ya uti wa mgongo, hupita njia nyembamba. Mbele yake umelala mshipa wa fahamu unaosaidia kuinua kidole gumba cha mguu, na mishipa mikubwa ya damu iko jirani. Ndiyo maana nasisitiza CT scan, yaani picha ya kina ya mifupa, kabla: wengine wamezaliwa na njia finyu zaidi. Mkipewa rufaa ya Mtwara, aende kwa gari la wagonjwa, nyonga ikiwa imefungwa, si kwa basi. Muulize daktari pia kama kuna eksirei ya kuonyesha skrubu inavyoingia, kwa pembe mbalimbali.

Leo, kabla ya upasuaji, mwambie avute kidole gumba kuja juu, kisha asukume kiganja chako kwa wayo. Andika ulichoona. Dawa ya ganzi ya upasuaji ikiisha, rudia. Kidole kikilegea kuliko awali, au mguu ukiwa wa baridi, mwite nesi papo hapo. Usingoje raundi ya asubuhi.