Nyumba ya Tabata haiuziki: nishushe bei au nisubiri?

SWALI: Habari, mtaalamu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Tabata, Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tuliijenga kidogo kidogo na bado tunaishi humo. Tunaiuza milioni 180. Watu wanakuja, wanaisifia, wanapotea. Madalali wanasema soko limelala, tushushe. Tuna leseni ya makazi, hati bado.

JIBU: Salama, dada. Kabla ya kugusa bei, itafute nyumba yako kwenye matangazo ya mtandaoni. Sitashangaa ukiikuta kwa 180, kwa 195 na kwa 210, picha zile zile, maana kila dalali ameweka cha juu chake. Mnunuzi makini akiona hivyo anahisi kuna mgogoro, anakaa pembeni. Baki na dalali mmoja, mkataba wa maandishi, bei moja.

Sasa bei yenyewe. Mikopo ya nyumba ipo, lakini riba kwa kawaida inacheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Mtu akikopa milioni 100 kwa asilimia 15, miaka 20, rejesho lake ni kama 1,317,000 kila mwezi, na mpaka amalize atakuwa amelipa milioni 316 hivi. Tuseme nyumba kama yako inapangishwa laki sita kwa mwezi. Mwenye mshahara atapanga, huku akijenga pembeni ya mji, Chanika au Kibaha, mdogo mdogo kama mlivyojenga nyinyi. Kwa hiyo unayemsubiri ni mwenye fedha taslimu, na huyo hapigi hesabu ya ulichotumia. Anajiuliza kiwanja, tofali, nondo na fundi vingemgharimu kiasi gani leo. Dari ya jipsamu na vigae mlivyochagua kwa mapenzi yenu atavisifia, hatavilipia vyote.

Kinachokubana zaidi, kwa maoni yangu, ni ile leseni. Ni ya muda mfupi, na benki ikitoa mkopo mrefu wa nyumba itataka hati. Hao wachache wanaoweza kukopa umewafungia mlango. Kama mtaa wenu umepimwa au urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa) unaendelea, fuatilia hati kwanza, hata ikichukua muda.

Siku ya kuuza, Mamlaka ya Mapato (TRA) itataka kodi ya asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Nyumba mliyoimiliki na kuishi humo kwa miaka kadhaa, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi. Kwa hiyo zile risiti za saruji na mabati zilizoko kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati usizitupe. Ndizo zitakazoonyesha gharama halisi. Mume wako naye aridhie, bora kwa maandishi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Na kiongozi wa mtaa akidai asilimia 10 yake ili ashuhudie mauzo, hana sheria inayompa.

Mshushe au msishushe? Kama fedha inahitajika mwaka huu, mlipeni mthamini aliyesajiliwa awape thamani ya soko, mtangaze bei iliyo karibu na thamani hiyo. Kama hakuna haraka na mna pa kuhamia, pangisheni, kodi ya mpangaji ilipie ufuatiliaji wa hati.