Zumu ndefu, picha ukungu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kakamera kadogo kanakovuta mara 30, lakini ndege nikiwapiga wanatoka ukungu tu, vipepeo ndo kabisa. Nataka niende Gombe kuona sokwe. Tatizo kamera au mimi? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba. Tatizo mwanga bwana. Sensa ya hizo kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, halafu ukivuta zumu mpaka mwisho lenzi inapitisha mwanga kidogo zaidi, kwahiyo shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, inakawia kufunga na mkono ukitikisika kidogo tu imekula kwako, na kule Gombe chini ya miti kuna giza hata mchana. Ishia nusu ya zumu, egemea mti, bana viwiko mbavuni, shata isiwe ya taratibu kuliko 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) pandisha 800 hata 1600. Chenga, zile chembechembe kwenye picha, zitakuwepo, ila bora chenga kuliko ukungu. Zumu ya dijitali izime, ile inakata picha na kuikuza tu, hamna kitu. Flashi hapana, na usisogee zaidi ya mwongozaji anavyokwambia, sokwe wanaambukizwa mafua yetu.

Vipepeo sasa: ile alama ya ua, ya kupigia vitu vya karibu sana, inataka zumu irudi mwanzo usogee sentimita chache, hapo kivuli chako kishamfikia, karuka. Mi naona urudi nyuma mita moja na nusu hivi, uvute kidogo, ulenge jicho. Nenda asubuhi, wakiwa bado na baridi wanatulia.