Kabla ya kununua aloi ya nikeli, ichunguze tindikali yako

Katika kazi yangu ya kutengeneza mitambo ya kuchenjua dhahabu wilayani Chunya, wenye mitambo huniuliza mara nyingi ni aloi gani ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine, iliyo bora kuliko zote. Hakuna iliyo bora kwa kila kazi, kwa kuwa kila aloi ina kimiminika inachokistahimili na kingine kinachoila.

Chukulia hatua ya kuosha kaboni, ile inayonasa dhahabu, kwa tindikali ya haidrokloriki. Chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho mafundi wengi hukiamini kwa sababu kinadumu vizuri kwenye matangi ya maziwa, hakifai hapo: kloraidi huvunja utando mwembamba wa oksidi ya kromi unaokilinda, kikaanza kutoboka. Aloi ya Hastelloy B-3, yenye takriban asilimia 65 ya nikeli na 28 ya molibdeni, huistahimili tindikali hiyo vizuri sana, mradi tindikali yenyewe iwe safi. Kaboni iliyopita kwenye udongo wa madini hubeba chuma, na chuma hicho kikiyeyuka na kukutana na hewa hugeuka ioni za feriki (chembe za chuma zenye chaji ya umeme), ambazo huila B-3 kwa kasi kwa kuwa ina kromi kidogo mno. Kwa hiyo mimi hupendekeza aloi ya C-276, yenye kromi asilimia 16 hivi na molibdeni ya kiasi hichohicho, ingawa katika tindikali safi B-3 ingeishinda. Monel 400, ambayo ni nikeli na shaba, ina udhaifu uleule mbele ya feriki.

Nunua penye cheti cha kiwanda kinachoonyesha namba ya aloi, kwa maana kwa macho zote zinafanana.

Kuchomelea nako kunahitaji usafi ambao hatujauzoea. Sulfa iliyomo kwenye grisi, mafuta na hata baadhi ya kalamu za kuwekea alama huingia kwenye nikeli inapopata joto na kuitia nyufa. Futa kila kitu kabla ya kuwasha moto, na usitumie brashi ya waya iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida.

Si lazima tangi zima liwe la aloi. Tindikali hafifu isiyopashwa moto hukaa salama kwenye tangi la fibaglasi au la chuma lililovikwa mpira kwa ndani, na fedha itakayookolewa inunue vali na shafti ya pampu za C-276.