Tovuti saba, na ufunguo nimeufungia ndani

Mdogo wangu wa Wete, hayo uliyouliza, kiolezo gani kizuri cha tovuti na makala ngapi kwa wiki, yaache kwanza. Rudi kwenye ile sentensi uliyoipita mbio: "nimeshahamisha akaunti zote kwenye info@ ya tovuti yangu ya kwanza ili kila kitu kikae pamoja." Una tovuti moja ya wazamiaji wa Misali, unataka kufungua tano nyingine, ya feri, ya viungo, ya popo wa Pemba na hizo mbili za hoteli, na zote unataka kuzitundika kwenye anwani hiyo moja ya barua pepe. Itundue leo, usingoje Ijumaa. Nimesoma uzi wako mara tatu na kila mara roho inaniuma, maana hiyo njia nimeipita mie na najua inakotokea.

Mie nilikuwa nazo saba. Ya mwanzo ilikuwa ya maji na upepo wa Paje: maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, siku za bamvua, kusi inashika lini, kaskazi inalegea lini. Wasomaji wake wacheza kaiti wa Ulaya, wale wanaovutwa juu ya maji na tiara. Kuanzia Juni mpaka Septemba ndiyo iliyokuwa ikilipa karo za wanangu. Nyingine sita nikazifungua kwa mpigo, ya milango ya Mji Mkongwe, ya kima punju wa Jozani, ya viungo na wenzake, na domeni zake zote sita, yaani majina ya tovuti yanayoishia .com na mfano wake, nilizinunua usiku mmoja kwa sababu kulikuwa na bei ya punguzo.

Sasa huyo aliyenitia shimoni. Alikuja mjini mtu anayejiita mtaalamu, tukalipa elfu themanini kila mmoja kwa darasa la siku mbili. Akasema anayetumia Gmail haonekani mtu wa kazi, lazima uwe na barua pepe ya domeni yako. Kwa kuwaandikia wateja ni kweli, sibishi. Lakini hakuishia hapo. Alitukalisha watu ishirini na kitu mbele ya kompyuta, tukaibadilisha hata anwani ya akaunti tuliyonunulia domeni zenyewe, yeye anapita nyuma ya viti anahakikisha kila mtu amebofya. Akatwambia na jina la mwenye akaunti tuweke la biashara, si la mtu, "ili ionekane kampuni". Biashara yenyewe sikuwahi kuisajili. Nikaandika tu. Mtu anayechukua fedha za watu kwa kufundisha jambo hili alipaswa kujua matokeo yake, na kama alijua akanyamaza, basi ni ubaya zaidi.

Ambalo hakutwambia ni hili. Barua pepe ya info@ inaishi juu ya domeni. Domeni ikilala, nayo inalala. Na kampuni iliyokuuzia domeni ikitaka kukuonya inakuonya kwenye anwani hiyo, ikitaka kuthibitisha kuwa ni wewe inatuma namba kwenye anwani hiyo, na ukisahau neno la siri, kiungo cha kulibadilishia kinakwenda huko huko. Umejifungia nje, na ufunguo umeuacha ndani.

Mwezi wa Aprili benki ilinibadilishia kadi. Kadi mpya ina namba mpya, mie sikukumbuka kuiingiza kwenye akaunti ya domeni, na malipo ya kila mwaka yakagonga kadi iliyokufa. Usidhani hawakunikumbusha. ICANN, ambao ndio wasimamizi wakuu wa majina kama .com, wanawalazimisha wauzaji kumwandikia mwenye domeni mara mbili kabla ya muda kwisha, kama mwezi mmoja kabla na kama wiki moja kabla, kisha tena ndani ya siku tano baada ya kwisha. Walinitumia. Zilikwenda info@, na info@ nilikuwa nimeielekeza ipeleke barua zake kwenye Gmail yangu, na Gmail ikazitupa kwenye taka. Nilikuja kuziona baadaye, zimekaa pale kwa utulivu pamoja na matangazo ya dawa za kukuza nywele.

Julai ikaingia, kusi imeshika, Paje imejaa. Kijana mmoja anayefundisha kaiti akaniita: "Kaka, mbona tovuti yako imekuwa ukurasa wa matangazo?" Nikadhani mtandao. Nikafungua kwa simu yangu, kweli. Nikaingia kwenye akaunti nilipe. Neno la siri sahihi, lakini simu ilikuwa mpya, kwa hiyo wakataka namba ya kuthibitisha. Namba imetumwa wapi? Info@. Nilikaa pale kwenye mchanga na pesa ninazo, deni halifiki dola ishirini, na pa kuzipitishia hapana.

Nikawaandikia. Wakajibu baada ya siku tatu: leta hati ya usajili wa biashara yenye jina lililo kwenye akaunti. Hati ipi? Nikapeleka kitambulisho changu, wakasema jina halilingani. Kila jibu siku tatu, siku nne, na mwisho wa mwezi ule ule zile domeni sita nazo zikafika muda wake, maana zote zilizaliwa usiku mmoja. Nazitazama zinazimika na sina la kufanya.

Kilichonifungulia ni karatasi za benki za miaka miwili zinazoonesha malipo yao yakitoka kwenye kadi yenye jina langu. Hapo ilikuwa siku ya 68 tangu ile ya kwanza iishe. Na hesabu ya siku hizi uijue vizuri. Domeni ya .com ikiisha, kampuni inaweza kukuwekea mpaka siku 45, lakini haikulazimika kukupa zote. Baada ya hapo zinafuata siku 30 za kukomboa, kwa ada isiyofanana kabisa na bei ya kawaida, halafu siku 5 za kungoja kufutwa, kisha ni ya atakayewahi. Na kampuni nyingi hazingoji huko mwisho, zinaipeleka mnadani mapema. Ya Paje niliikomboa kwa dola 120. Nne nilizilipia kwa bei ya kawaida. Mbili zilikuwa zimeshauzwa.

Moja ya hizo mbili ndiyo ya milango.

Ile niliifanya kwa miguu. Nilipita Mkunazini, Shangani, Malindi, nikipiga picha mlango kwa mlango, nikiomba ruhusa barazani, nikiandika wenyewe walichoniambia juu ya minyororo na maua yaliyochongwa. Blogu nyingi za wasafiri zilikuwa zimeiunganisha kwao, na hao walioinunua walichotaka ni viunganishi hivyo tu. Wakaweka tovuti ya kamari. Mzee mmoja, mwenye mlango ambao kila mgeni anasimama kuutazama, alikuwa akiwaambia watu nyumba yake imo mtandaoni. Siku moja mjukuu wake akamfungulia mbele ya wageni wa barazani, ikatoka hiyo kamari. Alinipigia simu yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nyumba yangu umeiuza?" Machi 2024 Google waliutaja mchezo huo, wa kununua domeni zilizokwisha muda ili kula sifa zake za zamani, kuwa ni ulaghai dhidi ya kanuni zao. Vizuri, lakini domeni hairudi kwangu wala mzee hajarudi kunikaribisha kahawa.

Kwa hiyo fanya hivi usiku wa leo. Fungua barua pepe mpya kwa mtoaji wa kawaida, isiyotegemea domeni yako hata moja, na isiwe na kazi nyingine yoyote ila kupokea barua za domeni na za seva, yaani kompyuta ya kukodi inayobeba tovuti zako. Iweke kwenye simu unayoishika kila siku. Uthibitisho wa kuingia uwe wa programu ya simu inayotoa namba yenyewe, na zile namba za dharura wanazokupa zichapishe ziwekwe panapokaa hati za mikarafuu. Jina la mwenye domeni liwe lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukilibadilisha jina, jua kuwa kwa kawaida hutaweza kuihamishia domeni kampuni nyingine kwa siku 60, na hilo lisikutishe, kwani huendi popote. Ile ya Misali, ambayo ndiyo inayokulisha, ilipie miaka mitano mbele. .com inakubali mpaka kumi. Nyingine zilipie kwa muda tofauti tofauti ili zisiishe mwezi mmoja, na tarehe zote ziandike kwenye daftari la karatasi, kengele ilie siku 60 kabla.

Umeuliza pia kama zote sita zikae kwenye akaunti moja ya seva. Ya Misali itenge peke yake, maana moja ikiingiwa na kirusi kupitia plagini mbovu, vile vijiprogramu vya kuongezea kwenye tovuti, kirusi hutambaa kwenye mafaili ya jirani zake walio akaunti moja. Na nakala usiiweke kwenye seva hiyo hiyo.

Lakini anwani kwanza. Hizo domeni tano usizinunue kabla hujaibadilisha, na ukishaibadilisha jaribu kitu kimoja: ingia kwa simu ya mtu mwingine, uone namba ya kuthibitisha inatokea wapi. Kisha niandikie hapa hapa imetokea wapi. Naingoja.